SOMO: Kipimo cha utimamu wa mwili huchaguliwa kwa kumwangalia mtu

Swali la "nimpime kwa kipimo gani?" linarudi kila wiki, kwa hiyo naliweka hapa mara moja.

1. Ajaze fomu ya PAR-Q+ (maswali ya afya ya ndiyo/hapana kabla ya mazoezi). Ndiyo hata moja, kamilisha maswali ya ufuatiliaji kwanza.

2. Pima presha na mapigo akiwa ameketi na ametulia dakika 5. Mapigo yakizidi 120 au presha ikizidi 180/100, hapimwi leo.

3. Uliza dawa. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Dawa za kundi la beta-bloka (majina mengi huishia na -lol: atenolol, bisoprolol) huzuia mapigo kupanda. Mtu anahema, jasho linamtoka, saa inaonyesha 105, nawe unadhani bado ana nguvu na unamwongezea kasi. Kwa mtu huyu mapigo si kigezo. Tumia kipimo cha Borg cha 6 hadi 20 (mwenyewe anataja namba ya jinsi anavyohisi ugumu wa kazi), usivuke 13, na awe anaweza kuongea sentensi nzima. Usimwambie kamwe aruke dozi ili upate namba nzuri!

4. Sasa chagua:
Mzee: kusimama na kuketi sekunde 30. Kiti cha sentimita 43 kisicho na magurudumu, mgongo wa kiti ukutani, mikono imekunjwa kifuani.
Mwenye maradhi sugu aliyeruhusiwa na daktari: kutembea dakika 6, njia tambarare ya mita 30. Njia fupi ina kona nyingi, umbali unapungua bure.
Mzima asiye na mazoezi: kupanda na kushuka kijukwaa cha sentimita 30.5, dakika 3, mizunguko 24 kwa dakika, metronomu (kifaa cha kupigia mdundo) iwe midundo 96, yaani hatua nne kwa kila mzunguko.
Mwenye mazoezi ya kutosha: Cooper, yaani kukimbia umbali mkubwa awezao kwa dakika 12.

Kifua kikibana, kizunguzungu au uso kupauka: simamisha papo hapo.

MASWALI

– Mkuu, nina mzee wa miaka 70 anataka Cooper. Nimpe?
– Hatua ya 1 hadi 3 umezifanya?
– Presha tu, 170/95.
– Basi hujazifanya. Kuwa chini ya kikomo nilichoandika hakumruhusu mtu kukimbia kwa nguvu zote. Dawa umemuuliza? Maliza hilo, umpe kipimo cha kiti, na presha hiyo aende nayo kwa daktari.

– Mteja wangu ni mfupi sana, kijukwaa kinamfika karibu na goti. Nikishushe?
– Swali zuri. Goti lake linapinda zaidi, kwa hiyo anafanya kazi kubwa kuliko mrefu. Kishushe, andika kimo, na kila ukirudia tumia kilekile. Ila jedwali la kawaida la kulinganisha matokeo halimhusu tena, mlinganishe na yeye mwenyewe. Goti likiuma, hamia kwenye kutembea.

– Kwenye kutembea naruhusiwa kumshangilia?
– Maneno yaleyale, sauti ileile, kila baada ya dakika moja. Ukishangilia leo na kesho ukanyamaza, umbali utabadilika na utadhani ni mwili wake. Na usitembee kando yake, atafuata mwendo wako. Kaa nyuma.