Kabla hujamwaga zege mbele ya fremu yako

Mimi ni fundi mwashi hapa Dar es Salaam. Dada yangu mkubwa anatumia kiti mwendo tangu utotoni, na ndiye anayenikagulia kazi za njia. Ninakuandikia wewe mwenye fremu ya duka kando ya barabara, kwa sababu njia ya waenda kwa miguu mitaani kwetu hukatika hapo hapo mbele ya maduka. Huyu kainua kibaraza akikimbia maji ya mvua, jirani kaacha chini, wa tatu kaweka vigae vya kuteleza. Mwenye miguu mizima hupanda na kushuka bila hata kufikiri. Dada yangu inambidi ateremke barabarani, akabanane na daladala na bodaboda.

Anza na futi. Pima nafasi iliyo wazi kweli, ukishatoa friji ya soda, benchi na kibao cha wakala. Kiti mwendo kina upana wa kama sentimita 65 hadi 70, lakini mikono inayosukuma nayo inataka nafasi. Acha mita 1.5. Penye nguzo ya umeme isiyohamishika, usikubali pungufu ya sentimita 90.

Sasa mteremko, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Kama kibaraza chako kimeinuka sentimita 15, mteremko wake ni mita 1.8. Wateja huniambia, "Fundi, weka nusu mita tu, inatosha." Haitoshi. Kwenye mteremko mkali hivyo kiti kinabinuka na mtu anaangukia kisogo. Ni afadhali ngazi, maana ngazi haimdanganyi mtu ajaribu.

Nafasi ikiwa finyu, ulaze mteremko sambamba na ukuta wako. Juu yake, mlangoni, weka sakafu tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5 ili mtu aweze kugeuka na kufungua mlango bila kuserereka kurudi nyuma. Upande ulio wazi jengea ukingo wa sentimita 10 gurudumu lisichomoke. Ila usiusukume mteremko wako katikati ya njia: utajipatia mlango mzuri na kuwafungia njia wapita njia wote.

Zege la kawaida linatosha: saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne. Usipige niru, ule uji wa saruji wa kulainisha uso. Likianza kushika, pitisha ufagio wa chelewa kwa kukingama, mistari ikate mwelekeo wa kupita, ili gurudumu na mguu wa bandia vipate kushika hata mvua ikinyesha. Mwagilia maji siku 7. Na ile sehemu ya njia yenyewe, iinamishe upande wa mtaro sentimita 2 tu kwa kila mita. Ukizidisha, kiti kinavutwa mtaroni na anayekisukuma anachoka mkono mmoja.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Ukishusha ukingo wa njia ukalingana na barabara, mwenye kiti anafurahi, lakini asiyeona amepoteza alama iliyokuwa inamwambia kuwa njia imekwisha. Fimbo nyeupe haina cha kugusa. Anajikuta ameshaingia kwenye magari. Dawa yake ni vigae vya vinundu, alivyobuni Mjapani Seiichi Miyake na vikawekwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967. Vinundu vya duara maana yake simama. Mistari mirefu maana yake endelea. Weka safu ya vinundu pale ukingo uliposhushwa, upana wote, rangi ya njano ili hata mwenye uoni hafifu avione. Mistari isielekee kwenye nguzo, tafadhali. Nimeiona kwa macho yangu.

Fimbo hupima chini, haipimi juu. Kwa hiyo bati la kivuli, kibao na kamba za turubai viwe mita 2.1 au zaidi kutoka chini. Bati lililo usawa wa paji la uso hukata.

Mtaro ufunike kwa slabu ya zege yenye nondo ndani. Mifuniko ya chuma huibwa ikauzwa chuma chakavu. Mianya isizidi milimita 13, na ikae kukingama, vinginevyo magurudumu madogo ya mbele hunasa.

Kabla ya kuvunja ukingo wowote, pita ofisi ya serikali ya mtaa uulize barabara ni ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) au ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa), upate kibali. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iko upande wako, itaje bila woga. Vijana wa bodaboda nao zungumza nao mapema, mkubaliane kijiwe kikae wapi, kisha piga mstari wa njano. Mstari waliokubali wenyewe wanaulinda.

Mwisho, mwite mwenye kiti na asiyeona wapite wenyewe, bila kushikwa mkono. Wewe simama kando na chaki, kimya. Kila wanaposita, weka alama. Hapo ndipo pa kurudia. Fanya hivyo tena baada ya mvua kubwa, uone maji yanatuama wapi.