Kujiandaa na mtihani wa bodi ya tiba ya mionzi ukiwa Nakuru, na bando lako na webina za saa tisa usiku

Kuna swali naulizwa na marejista (madaktari walio kwa mafunzo ya ubingwa) karibu kila wiki, "daktari, ulisomea kozi gani?" na ukweli ni kwamba kozi sio shida, kozi za mtandaoni ziko nyingi kuliko masaa ya kulala, shida ni vile tunazitumia. Mimi nilikuwa na vyeti kumi na kitu vya CPD (mafunzo endelevu ya madaktari) na bado nikaanguka fizikia raundi ya kwanza. Vyeti viko kwa foda mpaka leo. Kwa hivo nitaeleza vile nilijipanga raundi ya pili, fuata ama ruka, wewe ndio unajua zamu zako.

Hatua ya 1: Jua unafanya mtihani gani kabla ulipe shilingi

Inasikika kama utoto lakini hapa ndio nilichomeka. Nililipia benki ya maswali ya miezi sita kwa dola, maswali mazuri sana, kumbe yametengenezwa kwa ajili ya wale wa bodi ya Marekani, ABR, ambao maandishi yao yana sehemu tatu, fizikia, baiolojia ya mionzi na saratani, na klinikali, halafu baadaye wanakuja mtihani wa mdomo. Mimi nilikuwa naenda FRCR, mtihani wa ubingwa wa Uingereza, sehemu ya kwanza, na ile ina masomo manne: baiolojia ya saratani na mionzi, famakolojia, fizikia na takwimu. Klinikali haiko pale kabisa. Sasa hebu fikiria mtu anakesha miezi miwili na mapafu na tezi dume ilhali mtihani wake unataka ajue vile sisplatini inatoka mwilini na maana ya thamani ya p. Wa MMed (shahada ya ubingwa ya vyuo vyetu) nao wana wao, wa vyuo vya Afrika Kusini wana wao. Silabasi zinapatikana bure, shusha PDF, printi, bandika kwa ukuta wa chumba.

Hatua ya 2: Geuza silabasi iwe orodha ya aibu

Chukua kalamu, kila mstari weka alama: naweza kufundisha, nimewahi kusikia, sijui. Usijidanganye. Yangu ilikuwa na "nimewahi kusikia" nyingi ajabu, na hiyo ndio hatari kuliko "sijui", manake kitu usichokijua utakitafuta lakini kile umewahi kukisikia unakipita ukidhani ni chako.

Hatua ya 3: Maliza vya bure kwanza

IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, wako na tovuti ya mafunzo, Human Health Campus, bure, na pale pia kuna kozi ya Applied Sciences of Oncology ambayo ilitengenezwa kwa watu kama sisi, walio mbali na walimu. Vitabu vyao viwili vya kufundishia, kile cha fizikia cha 2005 kilichohaririwa na Podgorsak na kile cha baiolojia ya mionzi cha 2010, ni PDF za bure halali kabisa. Shusha ukiwa kwa wifi ya hospitali ama ya shemeji, usichome bando na PDF ya kurasa mia sita. Kwa kontua, yaani kuchora mipaka ya uvimbe na viungo kwa picha za skani, kuna tovuti ya eContour, hiyo nitarudia hapo chini.

Hatua ya 4: Webina isikupite kama redio

Webina ya Marekani ya saa mbili usiku saa za New York ni saa tisa usiku kwetu, na wakirudisha saa zao nyuma mwezi wa kumi na moja inakuwa saa kumi. Nilijaribu kuamka mara tatu, kesho yake kliniki nasinzia mbele ya mgonjwa wa Baringo ambaye yeye mwenyewe ameamka saa tisa kupanda gari. Nikaacha. Tafuta rekodi, uangalie jioni. Za Uingereza ni afadhali, tumewatangulia kwa masaa mawili ama matatu tu.

Sheria yangu ni hii: webina ya saa moja inanidai maswali kumi. Nasimamisha kila dakika kumi hivi, nafunga skrini, naandika swali na jibu kwa Anki (programu ya kadi za maswali) bila kuangalia slaidi. Ukishindwa kuandika basi haukuelewa, rudisha nyuma. Ndio, webina ya saa moja inakula masaa mawili. Na ule mtindo wa kuacha video icheze kwa laptopu huku unapika ugali ndio upate pointi za KMPDC (baraza la madaktari la Kenya), fanya ukitaka kurenew leseni, hakuna anayekuhukumu, lakini usiihesabu kama kusoma.

Anki yenyewe inafanya kazi bila netiwaki, na hii iliniokoa kwa matatu ya kwenda nyumbani Kisumu Ijumaa, manake ukishapita Mau Summit kuteremkia Kericho netiwaki inakuja ikienda. Kadi hamsini hadi Ahero, nilikuwa namaliza.

Hatua ya 5: Piga hesabu kwa mkono, na utumie wagonjwa wako

Hapa ndio mimi nilipita raundi ya pili, kwa hivo nitakaa hapa kidogo. Kila mmoja wetu ameona fomula ya EQD2 (inayogeuza dozi yoyote iwe kama imetolewa kwa vipande vya Gy 2; Gy, grei, ni kipimo cha mionzi) kwa slaidi mara mia na anaitikia kwa kichwa. Sasa ifanye. Chukua mama wa saratani ya mlango wa kizazi, yule wa kila siku kliniki. Amechomwa kwa nje Gy 45 kwa mara 25, yaani 1.8 kila siku, halafu brakitherapi, ile ya chanzo kinachowekwa ndani, Gy 7 mara 4. Uvimbe umepata EQD2 ngapi? Unachukua dozi yote, unazidisha kwa jumla ya dozi ya mara moja na alfa-beta (namba inayoonyesha tishu inavyoitikia ukubwa wa dozi ya kila mara), unagawa kwa 2 jumlisha alfa-beta. Uvimbe tunaupa alfa-beta ya 10. Ya nje: 45 mara 11.8 gawa kwa 12, ni 44.25. Ya ndani: 28 mara 17 gawa kwa 12, ni karibu 39.7. Jumla 84 hivi, na hapo ndipo mtahini anakugeukia, manake lengo la siku hizi ni angalau 85, utafanya nini?

Kabla hujasema "naongeza dozi", piga ya rektamu, mwisho wa utumbo mpana ulio jirani. Tuseme ile sm 2 za ujazo zilizopata dozi kubwa zinapokea 4.5 kila brakitherapi. Alfa-beta sasa ni 3. Ya nje: 45 mara 4.8 gawa kwa 5, 43.2. Ya ndani: 18 mara 7.5 gawa kwa 5, 27. Jumla 70.2, kikomo ni 75, kwa hivo una nafasi ndogo, sio kubwa. Ukipiga hesabu hii kwa mafaili ya wagonjwa kumi tofauti hautaisahau ata ukiamshwa usingizini.

Mwingine: mgonjwa wa kichwa na shingo, mvua imekata barabara, amekosa siku nne. Hili ni swali la mtihani na pia ni Jumanne yetu ya kawaida. Lazima ujue kwamba baada ya kama wiki nne seli za uvimbe huanza kuzaana kwa kasi, na kila siku inayopotea inakula karibu Gy 0.6, na kwamba unaweza kufidia kwa kuchoma wikendi ama mara mbili kwa siku ukiacha masaa yasiyopungua 6 katikati. Waingereza wanamweka huyu kwa kundi la kwanza, asicheleweshwe zaidi ya siku 2. Nilisoma hiyo kwa mwongozo wao, lakini niliielewa siku nilikaa na mwanafizikia wetu tukihesabu ya mgonjwa halisi.

Na mwanafizikia mnunulie chai. Muulize kwa nini chanzo cha iridiamu-192 kinabadilishwa kila miezi mitatu ama minne (nusu-uhai siku 74) na kobalti-60 inakaa miaka (nusu-uhai miaka 5.27, inapungua kama asilimia 1 kwa mwezi). Dakika ishirini zake zilinisaidia kuliko kozi niliyolipia.

Hatua ya 6: Soma kile hauoni

Sisi huku tunaona umio, mlango wa kizazi, titi lililochelewa, Kaposi. Kwa umio utakuwa mwalimu, Gy 41.4 kwa mara 23 za utafiti wa CROSS utazitaja ukitabasamu. Lakini mtihani wenye klinikali utakuletea uvimbe wa ubongo wa mtoto, ama tezi dume ya mapema kabisa. Kwa hizo chora kontua kwa eContour, kesi moja kila Jumapili, kisha linganisha na ya wataalamu. Usiangalie yao kwanza. Yangu ya kwanza ya tezi za limfu za nyonga ilikuwa kama ramani ya Ziwa Victoria, makona kila mahali.

Hatua ya 7: Ongea kwa sauti

Kama mtihani wako una mdomo, tafuta wawili watatu, sisi tulikuwa wa Nakuru, Eldoret na Kisumu, simu ya kikundi saa tatu usiku mara mbili kwa wiki. Mmoja ni mtahini, anatoa kesi, wengine kimya. Kila mtu anarekodi jibu lake kwa voisi noti na kujisikiliza kesho yake. Utasikia "eeh… yaani… kimsingi" mpaka ujionee huruma. Mwenzetu wa Eldoret alikuwa mkali, alikuwa anakata katikati, "daktari, nimekuuliza dozi, sio historia." Tulimchukia hadi siku ya mtihani.

Hatua ya 8: Wiki ya mwisho

Hakuna webina mpya. Kadi na hesabu tu. Na kama unafanyia kwa kompyuta ukiwa nyumbani, jaribu kamera na programu yao siku mbili kabla, chaji kila kitu, weka bando kwa laini mbili tofauti, na waambie majirani. Stima ilipotea kwetu saa nne asubuhi siku hiyo, nikamalizia kwa betri na hotspoti ya simu, betri ikisoma asilimia 11.