Bomba likikauka Msinga: uanzie wapi, uishie wapi

Mimi ni mtoto wa Tanga niliyeolewa Msinga, jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Waswahili wenzangu wanaokuja huku kufundisha, kuuguza au kuolewa kama mimi huuliza swali lilelile: hapa serikali ni nani? Huwa nawajibu kwa mfano wa maji, kwa sababu hakuna nyumba isiyoguswa na maji.

Msinga ni milima, vichaka vya miiba na bonde la mto Thukela. Makao makuu ya halmashauri yako Tugela Ferry, kwenye barabara ya R33 itokayo Greytown kwenda Dundee. Sensa ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya 177,000, karibu wote Wazulu, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Vijana wa kiume huenda Johannesburg na Durban kutafuta riziki, kwa hiyo ukienda mkutanoni utakaa zaidi na kina mama. Sehemu kubwa ya ardhi iko chini ya Ingonyama Trust, mfuko wa udhamini wa ardhi ulioundwa mwaka 1994, mdhamini wake akiwa mfalme wa Wazulu. Mitaani kwetu anayekuonyesha pa kujenga ni inkosi, yaani chifu, kupitia induna wake, mzee anayemwakilisha mtaani. Diwani hana kiwanja cha kukupa.

Sasa tuseme bomba la mtaa limekauka. Anza kwa induna. Najua wageni wengi hukimbilia ofisini kwanza, lakini induna ndiye anayejua ni nyumba ngapi zinategemea bomba lile, na neno lake hubebwa hadi kwa inkosi. Mama, vaa sketi inayovuka magoti na ujitande shali. Simama getini, usiingie. Ita "Ekuhleni!" kisha ungoje. Akiwa wa ukoo wa Mthembu, mwamkie "Mvelase". Akiwa Mchunu, "Macingwane". Mtu akiitwa kwa sifa ya ukoo wake uso hubadilika, na nimeona mazungumzo mazito yakilainika kwa neno hilo moja. Ukifikishwa kwa inkosi mwenyewe, sema "Ndabezitha". Usiende moja kwa moja kwenye shida yako: ulizia afya, watoto, ng'ombe, mvua.

Hatua ya pili ni diwani wa kata. Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya kata, ambayo kisheria ina wajumbe wengine wasiozidi kumi. Wajumbe hao ni majirani zako, na mara nyingi ni rahisi kuwapata kuliko diwani mwenyewe. Mpe diwani barua, usimwachie maneno matupu. Huku hatuna majina ya mitaa wala namba za nyumba, kwa hiyo andika hivi: bomba lililo chini ya josho la ng'ombe, upande wa shule, limekauka tangu tarehe fulani, nyumba kadhaa zinaathirika. Ambatanisha picha na majina ya wenye nyumba. Bakiza nakala yenye muhuri au saini ya aliyepokea.

Hapa ndipo wengi hukwama: halmashauri ya Msinga siyo inayosambaza maji. Kazi hiyo ni ya halmashauri ya wilaya, uMzinyathi, yenye makao yake Dundee. Piga simu huko, toa taarifa, na usikate simu kabla hujapewa namba ya malalamiko. Iandike kwenye nakala ya barua yako. Shule na zahanati ni za jimbo, pensheni na posho za watoto ni za SASSA, shirika la taifa la misaada ya jamii. Ukijua hili hutamlaumu diwani kwa mambo yasiyo yake, naye hatapata pa kujificha kwa yaliyo yake.

Kuna na kalenda. Mwaka wa bajeti huanza tarehe 1 Julai, na rasimu lazima iwasilishwe barazani kufikia mwisho wa Machi. Baada ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni juu ya bajeti na IDP, mpango wa maendeleo wa miaka mitano unaopitiwa kila mwaka. Nenda. Asiye raia hapigi kura, lakini mkazi yeyote anaweza kusimama na kusema. Jambo ambalo halimo katika mpango huo ni vigumu sana kulipatia fedha, hata liwe la haki namna gani. Viongozi wa jadi nao hukaa barazani na kuchangia, ila hawapigi kura. Kwa hiyo induna wako akiwa upande wako, bado unamhitaji diwani.

Wiki zikipita kimya, mwandikie meneja wa halmashauri ya wilaya, ukitaja namba ya malalamiko. Asipojibu, peleka nakala zote kwa Mlinzi wa Umma (Public Protector), anayechunguza malalamiko dhidi ya serikali. Huduma yake ni bure, lakini usizembee: kwa kawaida hupokea malalamiko ya mambo yasiyozidi miaka miwili tangu yatokee.