Jinsi ya Kuomba Matibabu na Malipo ya Ulemavu kwa Askari Mstaafu wa UPDF (Jeshi la Uganda) Mwenye Maumivu Sugu

Askari aliyekatwa mguu haulizwi maswali mengi anapodai malipo ya ulemavu, lakini yule ambaye mgongo wake unawaka usiku kucha, au ambaye bado anahisi maumivu katika mkono uliokwisha kukatwa, hana cha kuonyesha isipokuwa maneno yake. Shirika la Afya Duniani huyaita sugu maumivu yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi mitatu, na katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022 yana nafasi yao wenyewe. Kwa hiyo mwombaji hana sababu ya kuona haya kuyataja. Kazi yake ni kuyaweka katika maandishi yatakayothibitisha mambo mawili: kwamba yalitokana na utumishi, na kwamba yamemwondolea uwezo fulani wa kufanya kazi.

Anza na matibabu kabla ya madai, kwa kuwa faili la hospitali ndilo litakalobeba ombi lako baadaye. Unaweza kwenda hospitali ya jeshi, kama vile ya Bombo, Mbuya au Nakasongola, ukiwa na cheti cha kustaafu na kitambulisho cha taifa. Na kama ziko mbali, anza katika kituo cha afya cha serikali kilicho karibu, ambako ada za wagonjwa wa kawaida ziliondolewa mwaka 2001, kisha uombe barua ya rufaa. Mwenye kiungo bandia kinachomuumiza aulizie karakana ya viungo bandia ya Mulago au ya Gulu, maana mara nyingine maumivu yanayodhaniwa kuwa ya mishipa ya fahamu husababishwa na kiungo kisichokaa sawasawa. Si vyema kujitibu kwa diklofenaki ya dukani mwezi baada ya mwezi: dawa hiyo huweza kudhuru tumbo na figo, na ununuzi wa namna hiyo hauachi kumbukumbu yoyote ya kitabibu.

Mbele ya daktari, usiseme tu kwamba unaumwa. Mstari mmoja unaosomeka “maumivu ya mgongo, apewe dawa” hautakusaidia kitu mbele ya bodi ya madaktari wa jeshi itakayokupima. Eleza maumivu yalianza lini na baada ya tukio gani, yanapita wapi mwilini, na ni shughuli zipi zimekushinda, ili daktari aweze kuandika, kwa mfano, kwamba maumivu ya kiuno yanashuka hadi mguu wa kushoto tangu gari la kikosi lilipopinduka, na kwamba mgonjwa hawezi kuketi zaidi ya nusu saa wala kubeba jerikeni la lita 20. Ukiulizwa ukali wa maumivu kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, taja siku ya kawaida na siku mbaya, kwa sababu anayesema kumi kila siku huaminiwa kwa shida. Picha ya eksirei isiyoonyesha kasoro haimaanishi kwamba huumwi. Mwombe daktari aandike alichokibaini kwa kukupima kwa mikono.

Hatua ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo huangusha wengi, ni kukusanya nyaraka za utumishi. Zitahitajika namba yako ya jeshi, cheti cha kustaafu, taarifa ya tukio lililokujeruhi kama ipo, karatasi za matibabu ya wakati ule, na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ya mahali unapoishi. Linganisha majina katika kila karatasi, herufi kwa herufi. Wengi waliandikishwa jeshini kwa jina moja na kusajiliwa kwenye kitambulisho cha taifa kwa jingine, au kwa mpangilio tofauti. Kasoro hiyo irekebishwe kwa tamko la kiapo mbele ya kamishna wa viapo kabla ya kuwasilisha chochote. Kama karatasi za kikosini zimepotea, tafuta maandishi yaliyotiwa sahihi na mwenzako au kamanda aliyeshuhudia tukio, na uombe nakala kwa barua: Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu.

Baada ya hapo andika barua ya ombi kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mafaili, uielekeze kwa Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Maveterani iliyoko Mbuya, Kampala, ukiomba kupimwa na bodi ya madaktari wa jeshi. Taja cheo, kikosi, mahali na mwaka wa kuumia. Aliyeumia Somalia aeleze alikuwa chini ya ujumbe upi wa Umoja wa Afrika, kwa sababu fidia ya ujumbe ni jambo tofauti na pensheni ya Uganda. Akasiimo nayo, yaani malipo ya shukrani ambayo hutolewa kwa raia walioiunga mkono vita ya Luweero, haihusiani na ombi hili. Peleka nakala, ubaki na karatasi halisi, na usiondoke bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Siku ya bodi, vaa nguo zinazovuliwa kwa urahisi na ubebe dawa zote unazotumia pamoja na paketi zake. Usijikaze kiaskari: ukiinama kwa ujasiri huku umeuma meno, kitakachoandikwa ni kwamba umeinama. Wala usiongeze chumvi, maana daktari hukuangalia pia unapopanda ngazi na unapofunga viatu.

Ombi likikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha ulirudishe ukiwa na ushahidi uliokosekana, kama vile ripoti mpya ya mtaalamu. Mtu yeyote akikuomba “kitu kidogo” ili faili litembee, mripoti kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali (IGG). Likikubaliwa, fungua akaunti ya benki kwa majina yaleyale yaliyo kwenye faili, na uhudhurie kila uhakiki wa wastaafu utakaotangazwa, kwa kuwa asiyeonekana katika uhakiki huweza kusimamishiwa malipo hata kama bado yu hai.