Saa za Dawa: Namna ya Kutumia Antibiotiki Uliyoandikiwa na Daktari

Mgonjwa anayetoka duka la dawa hapa Mombasa, iwe ni Majengo, Kisauni au Likoni, aghalabu hukabidhiwa bahasha ndogo ya vidonge vya antibiotiki (dawa za kupambana na vijidudu viitwavyo bakteria) ambayo juu yake kumeandikwa kwa kalamu "1×3" pamoja na idadi ya siku. Alama hizo tatu ndizo zinazokosewa mno, nami ninayekaa nyuma ya kaunta kila siku naona ni wajibu kuanza nazo.

Wengi huzisoma kuwa ni kidonge kimoja kwa kila mlo. Hebu tuhesabu. Ukimeza cha kwanza kwa mahamri na mbaazi saa 2 asubuhi, cha pili kwa wali wa mchana saa 7, na cha tatu kwa chakula cha usiku saa 2, utakuwa umeweka nafasi ya saa 5, kisha saa 7, kisha saa 12 nzima usiku. Dawa za jamii ya penisilini, kama vile amoksilini, hufanya kazi vizuri pale kiwango chake mwilini kinapobaki cha kutosha kwa muda mrefu, na kiwango hicho kikishuka sana bakteria waliosalia hupata fursa ya kuzaana upya. Kwa hivyo 1×3 maana yake ni kila baada ya saa 8. Mpango unaowafaa wengi mjini kwetu ni saa 11 alfajiri, wakati watu wanapoamka kwa swala, kisha saa 7 mchana na saa 3 usiku. Vilevile 1×2 ni kila baada ya saa 12, na 1×1 ni saa ile ile kila siku. Ukiona karatasi ya hospitali imeandikwa 8, uliza kama ni saa ya Kizungu, kwa sababu hiyo kwetu ni saa 2.

Kabla hujaondoka kaunta, sema wazi kama umewahi kutokwa na upele au kuvimba kwa sababu ya dawa yoyote, kama una mimba au unanyonyesha, kama una maradhi ya figo au ini, na dawa gani nyingine unatumia, zikiwemo za miti shamba.

Meza dawa kwa glasi nzima ya maji safi. Chai ya maziwa, ambayo ndiyo iliyo karibu na mkono asubuhi, haifai kwa siprofloksasini wala doksisaiklini, kwani madini ya kalisi yaliyomo katika maziwa hushikamana na dawa na kuizuia kuingia mwilini. Vidonge vya kuongeza damu na dawa za kiungulia hufanya vivyo hivyo. Anayetumia doksisaiklini asilale kwa nusu saa baada ya kuimeza, maana ikikwama kooni huunguza, na kama ni mvuvi au mwendeshaji wa bodaboda avae mikono mirefu, kwa kuwa dawa hiyo huifanya ngozi iungue upesi kwa jua. Anayetumia metronidazoli ajiepushe na kileo cha aina yoyote, mnazi ukiwemo, hadi angalau saa 48 zipite baada ya kidonge cha mwisho.

Dawa ya maji ya watoto inahitaji uangalifu zaidi. Gonga chupa kwanza ili unga ulegee, tia maji yaliyochemshwa yakapoa, wala si maji ya kisima yenye chumvi, kisha tikisa, ngoja povu litulie, na uongeze maji hadi yafike kwenye alama. Tikisa tena kila unapotaka kumpa mtoto. Pima kwa sirinji au kifuniko chenye alama za mililita, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani. Kwa joto letu, dawa iliyokwisha kuchanganywa ihifadhiwe ndani ya friji bila kugandishwa, na imwagwe siku zilizotajwa kwenye lebo zikiisha. Ya amoksilini kwa kawaida haizidi siku 14.

Mwezi wa Ramadhani huja na shida yake. Nimewaona watu wakibana dozi tatu kati ya futari na daku, jambo ambalo ni baya sawa na kuruka dozi. Rudi kwa daktari umwambie kuwa unafunga. Pengine ataweza kukuandikia dawa ya mara moja au mbili kwa siku. Ikiwa haiwezekani, ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 185.

Ukisahau dozi, imeze mara unapokumbuka, isipokuwa kama saa ya inayofuata imekaribia. Usimeze mbili kwa pamoja. Kuharisha kidogo ni kawaida, lakini kuharisha sana au kuharisha damu ni sababu ya kumwona daktari siku hiyo hiyo. Midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikiwa nzito, ni dharura: usimeze tena, kimbilia kituo cha afya kilicho karibu zaidi, na aliye Likoni asingoje feri ili afike Hospitali Kuu ya Pwani.

Wengi hupata nafuu siku ya pili au ya tatu, na hapo ndipo wanapoacha. Usiache kwa uamuzi wako. Zungumza kwanza na aliyekuandikia, na umrudie pia ikiwa siku tatu zimepita bila nafuu. Bibi mmoja aliwahi kunifungulia mkebe wa biskuti uliojaa mabaki: kapsuli nyekundu na nyeusi, vidonge vyeupe visivyo na jina, na nusu chupa ya mjukuu wake. "Mwanangu, hizi ni za akiba, wakikohoa nawapa," akasema. Nilimweleza kwamba kikohozi cha mafua husababishwa na virusi, ambavyo antibiotiki haiviui, na kwamba vidonge vitatu vya mtu mwingine si dozi ya mtu yeyote. Aliniachia mkebe wote juu ya kaunta nikaziteketeze dawa. Nawe ukibaki na vidonge, virudishe ulikovinunua.