Jinsi ya kuuelewa utando wa seli ukiwa jikoni, na Irish (viazi mviringo) tatu na chumvi

Kama uko Busia, huku mpakani mwa Kenya na Uganda, na umewahi kusimama kwa muuza rolex (chapati ya kuviringisha na mayai) jioni kuna kitu umekiona ila hukukiuliza. Jamaa anakata kabichi na nyanya, anaweka kwa bakuli, anarushia chumvi, halafu anaendelea kugonga mayai na kugeuza chapati za watu watatu waliokutangulia, akirudi kwa lile bakuli chini kuna maji. Na hakuna mtu amemwaga maji pale, sasa yametoka wapi?

Nilimuuliza binti wa kaka yangu, yuko S.4 (kidato cha nne), alikuwa amekuja nimsaidie na bayolojia. Akanijibu, "Baba mdogo, hiyo osmosisi naijua, naweza kukusomea yote bila kuangalia daftari." Na kweli akasoma, kizungu kimenyooka kabisa. Nikamwambia sawa, sasa nielezee hii kabichi. Kimya. Shida yetu ndiyo hiyo, kitu tunakikariri kwa kizungu cha mtihani na hatujawahi kukiongea kwa lugha tunayochekea nayo. Kwa hiyo nikamwambia awashe sigiri tuingie jikoni, na wewe fuata hivi hivi.

Tafuta Irish tatu mbichi na ngumu, zile zimeanza kulegea achana nazo. Chumvi, sukari, rula, kisu kikali, glasi tatu na sabuni ya vyombo. Basi.

Kwanza zile glasi tatu

Menya Irish moja ukate vipande vitatu kama chipsi nene, kila kimoja urefu 50 mm kamili, pima kwa rula usikisie, maana ukikisia mwanzo mwisho wote ni uongo. Glasi ya kwanza weka maji safi peke yake. Ya pili maji na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ya tatu vijiko viwili vikubwa vya chumvi, koroga mpaka iishe. Andika namba kwa karatasi uweke chini ya kila glasi (utasahau, niamini), tumbukiza vipande, halafu nenda ufanye kazi nyingine kama saa moja hivi.

Ukirudi usikimbilie rula, shika kwanza. Cha maji safi kimekuwa kigumu, ukikikunja kinakatika ko! Cha chumvi nyingi kimelegea, ukikishika ncha moja ile nyingine inainama kama mkia wa mbwa aliyekemewa. Cha katikati hakijabadilika sana. Sasa pima. Vyangu vilitoka hivi: 52, 50 na 46. Vyako vinaweza kutofautiana kidogo kwa sababu Irish na Irish hazifanani, lakini mpangilio utakuwa ule ule.

Irish ni seli nyingi nyingi zimebanana, na kila seli imefungwa kwa utando, na ndani kuna maji yenye sukari, chumvi na vitu vingine vimeyeyuka. Maji yanapita kwa utando, hivyo vitu vingine havipiti ovyo. Kwa hiyo maji yanaenda upande ambao yenyewe yako machache, yaani upande wenye vitu vingi vimeyeyuka, na hiyo ndiyo osmosisi. Glasi ya kwanza yakaingia ndani, ya tatu yakatoka nje, ya katikati yanaingia na kutoka karibu sawa sawa. Watu husema maji yanafuata chumvi, kwa kukumbuka inatosha, ila kwa karatasi ya mtihani usiandike hivyo, andika yanatoka kwenye myeyusho mwepesi kwenda kwenye mzito kupitia utando unaochagua. Ukiacha neno utando hapo, umeongea habari za chai na sukari tu.

Sasa ile iliyonidhalilisha

Hii ya pili nilishawahi kuwafanyia watoto wa kochingi ikanigomea. Unakata Irish katikati, unachimba shimo kwa kijiko upande mmoja, unakwangua ganda upande wa chini, unaikalisha kwenye sahani yenye maji kidogo, halafu ndani ya shimo unatia kijiko cha sukari kavu. Baada ya saa chache sukari imekuwa maji maji na shimo linaanza kujaa, maji yamepanda kutoka kwa sahani kupitia seli za Irish. Mimi siku hiyo nilikuwa na haraka nikachukua Irish iliyobaki kwa sufuria, imechemshwa tayari, nikasema si Irish ni Irish tu. Tukangoja, tukangoja, sukari ikalowa kidogo kwa unyevu wa Irish yenyewe na shimo halikujaa. Nikawaambia labda sukari haikutosha! Nilifika nyumbani ndiyo nikagutuka, bwana, nimepika utando.

Moto unaharibu utando, protini zake zinajikunja vibaya, mafuta yake yanavurugika, seli inabaki haina mlinzi, kila kitu kinapita. Kwa hiyo wewe fanya makusudi kile mimi nilifanya kwa bahati mbaya, weka mbichi na iliyochemshwa pembeni kwa pembeni. Hapo ndipo yule binti aliinua macho akasema, "Kumbe utando ndio unafanya kazi, si Irish." Ukiwa na bitiruti ni rahisi zaidi: kata vipande, vioshe, kimoja weka maji baridi, kingine maji moto, uone yapi yanakuwa mekundu haraka.

Utando wenyewe ukoje

Ni mafuta. Tabaka mbili za mafuta yanayoitwa fosfolipidi, kila molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Vichwa vinaangalia nje na ndani ambako kuna maji, mikia inajificha katikati. Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, mwaka 1925 walitoa mafuta kwenye seli nyekundu za damu wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanafunika eneo mara mbili ya seli zenyewe, ndipo wakasema tabaka ni mbili. Kinachonichekesha ni kwamba walikosea vipimo sehemu mbili na makosa yakafutana, jibu likatoka sawa. Unene wote ni kama nanomita 7 au 8, ukitaka tando zifike unene wa karatasi ya daftari uzipange zaidi ya elfu kumi.

Na si kitu kigumu. Mwaka 1972 Singer na Nicolson walieleza kwamba utando ni kama majimaji, mafuta yanateleza na protini zinaelea humo. Kunja waya uwe duara, chovya kwa maji ya sabuni, utapata kiwambo. Toboa kwa biro kavu, kinapasuka. Chovya biro kwenye sabuni kwanza ndiyo utoboe: inapita, ukiitoa kinajifunga chenyewe. Ila usiseme kiwambo cha sabuni ndio utando, kwa sabuni mikia inaangalia nje kwenye hewa na vichwa ndani, kwa seli ni kinyume.

Nani anapita, nani anazuiwa

Watu wengi wanadhani utando ni chujio, wadogo wanapita wakubwa wanabaki. Sivyo. Sodiamu (iliyo kwenye chumvi) ni ndogo kuliko glukosi (sukari ya kwenye damu) lakini ina chaji ya umeme, mafuta yanaikataa kabisa. Sisi wa Busia mfano tunao mlangoni, fikiria mpaka.

Oksijeni na kaboni dioksidi ni wale wa njia ya panya, wanapenya katikati ya mafuta hawaulizwi chochote. Glukosi lazima apitie geti, geti ni protini, na kama anatoka penye wengi kwenda penye wachache halipishwi kitu. Maji yanaweza kupenya mafuta pole pole, lakini yana geti lao pia, akwaporini, Peter Agre aliligundua akapata Nobel ya kemia mwaka 2003. Halafu kuna wanaopelekwa kinyume cha mteremko, yaani kutoka penye wachache kwenda penye wengi, hao wanalipiwa kwa ATP, ile nishati ya seli: pampu moja inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani, kila mzunguko inakula ATP moja, na hailali hata wewe ukilala. Vile vikubwa kabisa, mfano bakteria anapokamatwa na seli nyeupe ya damu, havipiti getini, utando wenyewe unavizunguka na kumeza.

Na mageti hayakai yale yale muda wote. Ukila, insulini inaziambia seli za misuli zilete mageti ya glukosi juu kwenye utando. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari, ama insulini haitoshi ama seli hazisikii, kwa hiyo sukari inabaki imejaa kwa damu huku seli zina njaa.

Sasa utajua pia kwa nini drip ya chumvi ya hospitali ni 0.9%, gramu 9 kwa lita moja, ni ile glasi yetu ya katikati. Wakikuwekea maji matupu kwa mshipa seli nyekundu zitavimba na kupasuka, maana hazina ukuta wa seli kama Irish, Irish inakuwa ngumu tu. Na ile ORS, maji ya sukari na chumvi ya mtoto anayeharisha: utumbo una geti ambalo sodiamu na glukosi wanaingia pamoja, wakiingia maji yanawafuata. Ndiyo maana vinakuwa viwili. Pakiti ya kituo cha afya ndiyo nzuri, ukikosa kabisa ni lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vya chai 6 vya usawa na chumvi nusu kijiko cha chai. Usiongeze chumvi ukidhani inakuwa kali zaidi, umeona glasi ya tatu ilifanya nini, maji yatavutwa kutoka kwa mtoto.

Ukimaliza, vipande vya maji safi kaanga mle. Vya chumvi nyingi vitupe, na kuku usiwape, mimi nilikuwa nataka kuwarushia yule binti akanishika mkono: "Baba mdogo, hao nao wana seli."