Kupanga ratiba ya michezo ya shule bila kugongana na Sabato

Sabato ya Waadventista haianzi Jumamosi asubuhi. Inaanza Ijumaa jua likizama, inaisha Jumamosi jua likizama. Walimu wengi wa michezo hujikwaa hapo: wanaifuta Jumamosi kwenye ratiba, halafu wanaweka mechi Ijumaa saa 10:30 jioni na kujiona wametenda haki. Kumbe Ijumaa ni siku ya Maandalio. Mtoto anatakiwa awe nyumbani, ameoga, nguo za kesho zimenyooshwa, kabla familia haijakaa kufungua Sabato. Hesabu ya Ijumaa hufanywa kinyumenyume, kuanzia machweo.

Chukua Dar es Salaam mwezi Juni. Jua linazama kama saa 12:15 jioni. Mpe mtoto saa moja nyumbani: afike 11:15. Basi linatumia dakika 45: liondoke 10:30. Kubadili nguo, kunywa maji, kuhesabu watoto na mipira ni dakika 20, kwa hiyo filimbi ya mwisho ilie 10:10. Mechi ya dakika 90, mapumziko 15 na nyongeza 5, jumla 110: mpira uanze saa 8:20 mchana. Sasa wakumbuke wachezaji Waislamu. Swala ya Ijumaa inamalizika kama saa 7:30. Watoke msikitini, wale, wafike uwanjani, tayari ni saa 8:15. Umebakiwa na dakika tano. Mwamuzi akichelewa, ratiba imevunjika.

Mwanza mwezi huohuo jua huzama karibu nusu saa baadaye, na hata mahali pamoja machweo husogea mwaka unavyokwenda. Usinakili saa za mkoa mwingine wala za mwaka jana. Angalia machweo ya uwanja wako kwa tarehe ya mechi yenyewe. Kwa maoni yetu Ijumaa iachiwe netiboli, robo nne za dakika 15, au mechi za watoto wadogo kati ya shule jirani wanaoweza kurudi kwa miguu. Mechi ya mtoano isiwekwe Ijumaa hata kidogo, maana dakika 30 za nyongeza na penalti zinameza muda wote uliobana kuupata.

Kazi yenyewe huanza kabla ya droo. Wiki mbili kabla, tuma fomu kwa kila shule yenye swali moja: je, kuna siku au saa ambazo timu yenu, au mchezaji wenu yeyote, hawezi kucheza kwa sababu ya ibada? Waulizwe wote, si shule za kanisa peke yake. Mara, Upareni, Kisii na Nyamira, Wasabato wamejaa shule za serikali, na mara nyingi kikosi kizima kinaweza kucheza Jumamosi isipokuwa golikipa. Kisha andika kwenye kanuni mambo mawili: mechi iliyohamishwa kwa ajili ya ibada haizai ushindi wa mezani, na mchezaji asiyekuja kwa sababu hiyo hapotezi namba yake kikosini. Bila maandishi, itabaki hisani ya mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti hubadilika. Atakayeona ni kubembelezana, akumbushwe kwamba uhuru wa dini umo kwenye Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania na ya 32 ya Kenya, na kwamba mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikubaliana na Kanisa la Waadventista kuhusu wanafunzi wanaolazimishwa ratiba ya shule siku ya Sabato.

Ligi ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Timu nane zinacheza raundi saba, mechi 28. Ukicheza Jumanne na Alhamisi, umemaliza ndani ya wiki nne bila kuigusa wikiendi. Uwanja ukipatikana Jumamosi tu kwa raundi moja, na una shule mbili za Kisabato, pangua raundi ili zikutane zenyewe siku hiyo. Mechi yao moja ndiyo itakayokuwa kiporo, ichezwe Jumatatu, badala ya viporo viwili vinavyovuruga timu nyingine mbili. Timu zikiwa saba, kila moja hupumzika raundi moja. Mapumziko ya timu ya Kisabato yaangukie Jumamosi hiyo. Raundi ya mwisho ya makundi lakini isiwe Jumamosi kwa namna yoyote. Mechi zake zinatakiwa zianze zote kwa wakati mmoja, la sivyo anayecheza kiporo anajua tayari anahitaji magoli mangapi, na hapo ndipo maneno ya kupanga matokeo huanzia.

Fainali ndiyo inayoharibu. Makundi yamepangwa vizuri, halafu fainali inawekwa Jumamosi kwa sababu mgeni rasmi ana nafasi siku hiyo. Mgeni rasmi anaweza kuja Alhamisi. Tangaza siku ya fainali pamoja na droo, kabla hujajua nani atafika.

Riadha ina mtego wake. Mchujo wa mita 800 ukiwa Jumamosi na fainali Jumatatu, binti asiyekimbia mchujo hana fainali. Hamishia mchujo wote Ijumaa asubuhi, au futa mchujo: kimbiza makundi mawili Jumatatu, na muda wa saa uamue washindi.

Kwenye kambi, Jumamosi watengee Wasabato darasa moja na mwalimu wa kuwaangalia. Usiwapeleke uwanjani “kushangilia tu”, usiwape zamu ya kupika au kufua jezi. Yatakayohitajika yamalizwe Ijumaa mchana. Jua likizama Sabato imefungwa, na mazoezi mepesi yanawezekana. Mechi yao ya Jumapili iwe saa 9 alasiri, kwa sababu asubuhi wapinzani wao wengi watakuwa kanisani.